Jasho la Misonobari

"Kaza hapo chini, Mzee Fundi! Umeacha mwanya, jeshi zima litapita!"

Aliyepiga kelele ni Dobi, jirani wa upande wa pili wa ukuta, mwanamke wa mikono minene na sauti iliyozoea kushindana na maji ya bomba. Aliyepigiwa kelele alikuwa amepiga magoti kwenye shina la msonobari wa tano, kipande cha kitambaa mdomoni na kopo la grisi kando. Hakujibu kwa sababu ya kitambaa. Alikizungusha kwenye shina, akakifunga fundo, kisha akachovya vidole viwili kwenye grisi na kuanza kupaka polepole, bila kuacha hata tundu. Hivyo ndivyo alivyotia mafuta kwenye saa za watu kwa ncha ya sindano, miaka arobaini na miwili, mpaka watu walipoanza kutazama saa kwenye simu na kibanda chake kikawa mahali pa kuulizia njia. Jina la Fundi Saa lilibaki, kazi ikaenda zake.

Sisimizi walikuwa kwenye mstari wao wa kila siku, wengine wanapanda, wengine wanashuka. Wanaoshuka walikuwa na matumbo yaliyovimba na kung'aa. Walifika kwenye grisi wakasimama, wakaipapasa, wakarudi nyuma, wakajaribu tena. Chini nako wanaopanda walifanya vivyo hivyo. Fundi Saa aliitazama foleni ikirundikana pande zote mbili, akajifuta vidole kwenye suruali, na moyo wake ukamwambia kwamba angalau jambo moja kwenye nyumba hii limekwenda sawa. Hakuwa amelisikia neno kama hilo moyoni mwake tangu mkewe aanguke.

Mkewe alianguka jikoni mvua zilipokuwa zinamalizika, sufuria mkononi. Kiharusi, walisema hospitali. Kilimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno karibu yote. Waliporudi nyumbani alilala wiki tatu akitazama dari, na siku ulimi ulipofunguka kidogo, hakuulizia watoto walioko mbali, wala hakuomba maji. Alisema, "Nyuki."

"Wapo," mumewe alimjibu. "Wapo, mizinga yote sita."

"Mpaka... niamke."

"Mpaka uamke. Utatoka mlango ule kwa miguu yako, utawakuta wote sita. Nikikudanganya, niite jina lolote utakalo."

Mtu mwingine angeahidi kwa kupoza tu, maana mgonjwa haachi kuambiwa maneno mazuri. Lakini huyu hakuwa na desturi ya kuahidi. Kwenye kibanda chake, mteja aliyeambiwa Alhamisi alikuwa akija Alhamisi. Sasa alikuwa ameahidi mizinga sita ambayo, kusema kweli, aliijua kama mtu anavyowajua wakwe zake, kwa heshima na kwa mbali. Miaka thelathini mkewe alivaa wavu wake na kwenda nyuma ya nyumba, chini ya ile safu ya misonobari kumi na mmoja kando ya ukuta, na yeye akabaki dirishani. Asali ilikuja mezani. Hakuwa na swali.

Alichokijua ni kidogo. Alijua kwamba kiangazi kikikolea, maua yote huisha, hata magugu ya barabarani. Alijua kwamba wakati huohuo misonobari hutoka jasho. Mkewe ndiye aliyeliita hivyo, jasho la misonobari. Asubuhi sindano za mti zililowa matone matamu, yakadondoka kwenye benchi, kwenye matofali, kwenye mashuka ya Dobi, na palipodondoka paliganda na baadaye pakawa peusi kama palipopitiwa na moshi. Dobi alilalamika kila mwaka. Ndege wadogo walikuja kulamba matawi, nzi na nyigu nao hawakukosa, na vipepeo wachovu wakakaa juu ya benchi wakinyonya mbao. Nyuki waliamka kabla ya jua kukausha yale matone, wakafanya kazi kana kwamba ni msimu wa maua, na kutoka kwenye jasho hilo wakatengeneza asali nyeusi kama chai iliyolala kwenye chupa, isiyo tamu sana, yenye harufu ya mbao. Hiyo hawakuivuna yote. Chupa moja au mbili tu, iliyobaki ilikuwa posho ya nyuki mpaka mvua.

Kwa hiyo alipoinua kifuniko cha mzinga wa pili na kukuta sisimizi wamejipanga mpaka kwenye masega, wanaiba, damu ilimpanda. Kila mzinga ulikaa juu ya kigoda, na kila mguu wa kigoda ulisimama ndani ya kopo la mafuta machafu ya gari ambayo sisimizi hawezi kuyavuka. Mkewe aliyajaza mwenyewe. Tangu aanguke, makopo yalikuwa yamekauka.

Mtu wa kawaida angejaza makopo. Makopo ishirini na manne, nusu saa, kazi imekwisha. Lakini ufundi nao una ugonjwa wake. Fundi Saa aliamini kwamba vumbi ndani ya saa halifutwi kila siku. Unatafuta tundu linapoingilia, unaliziba. Na tundu alikuwa ameliona kwa macho yake mawili, misonobari imejaa sisimizi kutoka kwenye mizizi mpaka kileleni. Kwa nini umlinde kuku usiku na mchana, wakati unajua nyumba ya mwizi? Mashina kumi na moja, kopo moja la grisi. Alijiona mwerevu kuliko mkewe, tena akaamua kutomwambia, ili siku akiamka amwonyeshe.

Wiki ya tatu tangu apake grisi, Dobi alikuja na mashuka mawili yaliyokunjwa, meupe kama maziwa.

"Shika haya, mtandikie mgonjwa. Zawadi. Mwaka wa kumi na tisa nafua hapa, Mzee Fundi, leo ndiyo mara ya kwanza naanua kiangazi bila doa. Hata moja! Laiti ungeanza mapema."

"Ni grisi tu, dada yangu."

"Grisi na akili. Akili ndiyo haiuzwi dukani."

Na kweli misonobari ilikuwa imetakata. Benchi halikushika tena suruali ya mtu, na ule weusi ulikauka ukabanduka vipande. Juu kwenye matawi walikuja vidudu wekundu wenye madoa meusi, mviringo kama vifungo vya shati la mtoto, wengi mpaka tawi lilionekana limetiwa nakshi. Fundi Saa aliwatazama akafurahi. Alimsimulia mkewe akimlisha uji.

"Hata vidudu vya urembo vimekuja mitini, mama. Vyekundu, vya madoadoa. Vimejaa."

Kijiko kilisimama. Mkewe alimtazama, midomo ikatafuta kitu, ikakikosa, ikatafuta tena. Mkono mzima ulimshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo hakujua kama bado anayo. Kisha alichoka, akaachia, akageuzia uso ukutani.

"Pole, mama. Nimekuchosha kwa porojo," alisema Fundi Saa, akampangusa kidevu.

Alfajiri chache baadaye alitoka nje akahisi kuna kitu hakipo. Alisimama barazani muda mrefu kabla hajakijua. Kelele hazikuwepo. Hapakuwa na ndege wala nyigu, na ule mngurumo wa nyuki juu ya misonobari, ambao alikuwa ameusikia kila kiangazi kwa miaka thelathini bila kuusikiliza, haukuwepo pia. Alikwenda kwenye mzinga wa kwanza akauinua nyuma kwa mkono mmoja. Mzinga uliokuwa unahitaji watu wawili ulinyanyuka kama kreti tupu. Akafungua. Masega yalikuwa makavu, nyuki wanatembea juu yake polepole bila kazi, na sisimizi, walewale, walikuwa wamejaa mpaka kwenye pembe. Walionyimwa mti walikuwa wamehamia mizingani wote, na jamaa zao.

Mchana wa siku hiyo nyuki wa mzinga wa pili walihama.

Alimpigia simu Bibi Shamba, yule mwanamke wa kilimo anayezunguka na pikipiki na buti za mpira. Alifika kesho yake, akaamkia, akazunguka misonobari mara moja, akasimama mbele ya kitambaa cha grisi.

"Nani kafanya hii, baba?"

"Mimi."

Bibi Shamba alisogea karibu na matawi. Alivuta tawi chini, akaligeuza, akaomba miwani kama anayo. Fundi Saa hakuleta miwani, alileta lenzi yake ya kazini, ile ya kubana kwenye jicho. Aliinama akaangalia alipoonyeshwa. Kwenye ganda la tawi palikuwa na vitu vidogo vya kijivu, mamia, vimekauka, vitupu ndani.

"Hao ni vidukari," Bibi Shamba alisema. "Au walikuwa. Wanatia mrija kwenye mti wananyonya utomvu. Utomvu una sukari nyingi kuliko wanavyohitaji, ile ya ziada wanaitoa nyuma. Nyuki wanaikusanya."

"Mke wangu anasema ni jasho la mti."

"Nisamehe, baba, wewe ni mzazi wangu. Si jasho. Ni mavi."

Fundi Saa alicheka. Hakutaka, kicheko kilimtoka tu. Miaka thelathini amepaka mavi ya wadudu kwenye mkate na kulamba kisu! Bibi Shamba naye akacheka kidogo, kisha akaacha, naye akaacha.

"Na sisimizi?" aliuliza. "Wale wezi?"

"Ni wachungaji. Kidukari kwa sisimizi ni ng'ombe. Anampapasa, anamkamua, anashiba. Na kwa kuwa ni mali yake, anamlinda. Hao wekundu wa madoa chakula chao ni kidukari. Sisimizi akiwepo anawang'ata, anawaangusha. Wewe ulifukuza wachungaji, fisi wakaingia zizini."

"Wote wameliwa?"

"Tafuta mwenyewe."

Alitafuta. Alitafuta tawi kwa tawi, lenzi jichoni, mpaka shingo ikamuuma. Kwenye mti wa tisa alimpata mmoja. Alikuwa mnene, laini, mdogo kuliko punje ya mchele, na nyuma yake palitoka tone, safi, linang'aa, likakaa pale likimsubiri mtu. Hakuna aliyekuja. Tone lilikua, likawa zito, likaanguka. Fundi Saa alibaki ameinama. Alikuwa ametengeneza saa ngapi maishani? Hakuwahi, hata mara moja, kung'oa gurudumu kabla ya kujua linazungusha nini.

"Nitoe grisi?"

"Toa. Lakini ng'ombe aliyekwisha kuliwa harudi kwa kufungua geti."

"Basi niwape sukari."

"Wape, ya maji, ndani ya mzinga. Jaza makopo yale mafuta. Ila sukari peke yake ni chakula cha mgonjwa, baba, hailei watoto. Na huku nje hakuna ua. Nyuki wetu wakiona njaa hawakai kuisubiri." Alivaa kofia yake. "Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea."

Alitoa grisi kwa mafuta ya taa na brashi, mashina yote kumi na moja, siku mbili. Alijaza makopo ishirini na manne. Alikoroga sukari, akamimina kwenye visahani, akaweka vijiti ili nyuki wasizame, akaviingiza mizingani bila wavu, wakamuuma usoni na mikononi naye hakuondoka. Alistahili, ndivyo alivyoona. Sisimizi wachache walirudi mitini, wakapanda hadi juu, wakazunguka kwenye matawi matupu, wakashuka na matumbo membamba. Wekundu nao walikwisha kwenda zao, maana hapakuwa na cha kula. Mti ulibaki msafi, wa kijani kibichi, mzuri wa kupigiwa picha.

Mzinga wa tano ulihama. Kisha wa kwanza, na wa tatu. Wa nne haukuhama, nyuki wake walikufa ndani, vichwa vimezama kwenye vyumba vya masega wakitafuta tone la mwisho. Aliwatoa mmoja mmoja kwa koleo yake ndogo ya saa. Alipofika mia tatu na kitu aliiweka koleo chini, akakaa kwenye benchi na kulia.

Na kila asubuhi, ndani, kulikuwa na mtihani wake.

"Jasho?" mkewe aliuliza.

"Linatoka, mama. Mwaka huu limezidi. Dobi analia na mashuka yake."

"Sita?"

"Sita."

Kisha alimpa kijiko cha asali nyeusi. Ya mwaka jana, kutoka chupa ya mwisho. Alisema ni mpya. Mkewe aliyekuwa akionja asali na kukwambia ni ya ukuta wa huku au wa kule, alifumba macho, akaitembeza ulimini, akaimeza. Fundi Saa alikwenda kuosha kijiko. Uongo wa kwanza alikuwa ameuona ni dawa, na dawa ukianza unamaliza dozi.

Mzinga wa sita, wa mwisho, uliondoka saa saba mchana. Alikuwa amesimama pale na kisahani mkononi. Walitoka mlangoni kwa kumiminika, wakapanda, wakazunguka juu ya misonobari mara mbili kana kwamba wanaiuliza, kisha wakavuka ukuta. Kule ng'ambo Dobi alijifunika shuka kichwani, akachungulia.

"Mzee Fundi! Hao wanaenda wapi wote?"

"Kunywa maji," Fundi Saa alijibu.

"Kiangazi hiki, kila mtu ana kiu," alisema Dobi, akaendelea kuanika.

Siku nne baadaye, aliporudi kutoka dukani, alimkuta mkewe amesimama.

Amesimama kweli, katikati ya chumba, mkono wa kushoto kwenye mgongo wa kiti, mguu wa kulia umekunjika kidogo lakini umekanyaga sakafu. Jasho lilimtiririka. Alikuwa anacheka, nusu ya uso inacheka, nusu inamfuata kwa mbali. Hili ndilo jambo ambalo mumewe alikuwa ameliomba kwa Mungu asubuhi na jioni tangu mvua zilipoisha. Mkoba ulimtoka mkononi, vitunguu vikabingirika mpaka chini ya kitanda.

"Nimeamka," mkewe alisema. Neno zima, bila kukatika.

"Umeamka, mama. Kaa kwanza. Kaa, utaanguka."

"Nje."

"Jua kali. Kesho. Kesho asubuhi, nitakuletea kiti."

"Leo." Alimnyooshea mkono mzima. "Fundi. Nyuki."

Angesema nini? Alimpa bega. Walivuka mlango wa jikoni, wakashuka ngazi mbili, kila moja kwa pumzi zake. Hatua thelathini na moja mpaka kwenye mizinga, alizihesabu zote, na kila hatua alifungua kinywa aseme, na kila hatua akamwona mkewe anavyouweka ule mguu, anavyouamini, akafunga kinywa. Alijua kinachokuja. Mwanamke aliyefufuka kwa ajili ya nyuki atafika pale na kuwakosa, na yeye aliyeahidi ndiye atakayekuwa amemshika kiunoni.

Mbele ya mzinga wa kwanza mkewe alisimama. Hakuomba kifuniko kifunguliwe. Aliegemea, taratibu, akalaza sikio la kushoto kwenye mbao, akafumba macho. Upepo ulipita juu ya misonobari. Fundi Saa alisikia moyo wake mwenyewe, na hakusikia kingine.

"Wametulia," mkewe alisema.

Alimtazama. Uso wake haukumwambia kitu. Labda kiharusi kilichukua na sikio, alifikiri, na akajionea aibu kwa jinsi alivyotamani iwe hivyo. Mkewe alimvuta mkono, wakaenda wa pili. Akalaza sikio.

"Hawa pia."

Kwenye wa tatu alipitisha vidole mlangoni, pale nyuki wanapotua, kama kuwaamkia. Mjusi alichomoza kutoka ndani ya mzinga, akapita juu ya vidole vyake, akashuka kwenye kigoda na kutokomea kwenye majani. Mkewe aliufuata mkia wake kwa macho mpaka ukapotea. Hakuuondoa mkono.

"Mama," Fundi Saa alianza. "Mama, mimi ndiye..."

"Sss." Ulimi wake ulijikokota kuyatafuta maneno, moja, halafu jingine. "Nyamaza. Watasikia."

Kisha akaegemea tena, akalaza sikio kwenye mbao na kusikiliza, muda mrefu kuliko mara mbili za kwanza, machozi yakimtoka kwenye jicho zima na lile bovu bila kupendelea. Mumewe alimshika kiuno kwa mikono miwili asije akaanguka.

"Twende," mkewe alisema, akaujaribu mguu. "Bado watatu."